Jagi la Mzee Hanif

Shikamoo Mama,

Korogwe jua linachoma, ila machungwa matamu na kazi yangu ya kupima usalama wa vifaa vya umeme inakwenda vizuri. Leo niliingia dukani kwa Mzee Hanif. Si unajua desturi yetu, kitu hujaribiwa pale kaunta, kikiwaka unalipa. Akachomeka jagi la umeme la stili, maji yakachemka, akanicheka: "Binti, unapima nini tena?"

Nikaligusa jagi kwa testa, taa ya testa ikawaka: umeme umefika kwenye stili yenyewe. Nikafungua plagi: nje miguu mitatu, ndani nyaya mbili tu, waya wa ethi wa kukinga mtu haumo. "Mzee, linachemsha, na litaua mtu."

Nilidhani atanibishia. Kumbe na nyumbani kwake lipo kama hilo; akampigia simu mkewe: "Mama Zulfa, usiliguse jagi! Zima ukutani kwanza." Kisha akayashusha majagi yote rafuni mwenyewe.

Mama, lako alilokuletea Shangazi ni la namna hiyohiyo. Kwenye simu umenijibu, "Mbona linachemsha?" Ndiyo maana naandika. Kadi hii isimamishe mbele ya jagi, usiliguse mpaka nije Handeni na testa yangu. Chai ya kuni haijawahi kumpiga mtu shoti.

Mwanao mkaidi kama wewe,
Mwanahawa