Mkutano wa Siku za Giza

Mjukuu wangu Asha,

Hapa Ujiji tu wazima, ila babu yako bado anakohoa. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo anayeniandikia ni dada yako Zawadi.

Unasema huko Pemba watu wanapinga kuchimbwa kwa mafuta baharini, na unauliza kama kwenda mkutanoni kunasaidia. Nilipokuwa msichana, wataalamu walitaka kuchimba ziwani kwetu. Waliitisha mkutano siku za giza, wavuvi wanapokesha majini na taa zao na kulala mchana. Tulikwenda wanawake wachache tu, waanika dagaa.

"Wanaume wenu hawakuja, basi wamekubali," mtaalamu akasema.

Mama yangu akasimama. "Wamelala, baba. Dagaa uliowala leo unadhani waliruka wenyewe chunguni? Rudi wakati wa mbalamwezi."

Walirudi. Uwanja ulijaa, tukakataa, wakaondoka. Kulisaidia, lakini hakukumaliza. Miaka ikapita, wakaja wengine, tukakataa tena. Sasa wamekuja wengine, na miguu yangu haifiki tena uwanjani.

Mkutano ni leo mchana, na ni siku za giza. Naishia hapa, maana Zawadi, pamoja na haya zake zote, anakwenda kuwaamsha wavuvi.

Bibi yako