Safu ya Sababu

4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na shangazi hamjambo, na safari za hospitali hazikuchoshi sana. Sisi huku wazima, ila karakana ndiyo mgonjwa. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako vimeshakosana. Juzi nilipaza sauti mpaka mafundi wakadhani tunagombana.

Tangu uniachie kazi mwaka jana, shule mbili zimeacha kutuletea oda. Sare za kiwandani zinauzwa sokoni kwa bei ambayo sisi tunanunulia kitambaa tu. Nimeandika ripoti ya mwezi kama ulivyonishauri, nimeiweka humu ndani ya bahasha. Utaona tunatumia kuliko tunachoingiza, na mwenye nyumba amesema kodi ikilala tena, Julai tuhame.

Nimehesabu kila upande, naona njia moja tu: kupunguza mafundi watatu, wa kwanza akiwa mzee wetu Vifungo, maana matundu ya vifungo siku hizi yanapigwa kwa mashine. Sijui nitamtazamaje usoni. Ndiye aliyekuwa akinibembeleza wewe ukiwa kwenye cherehani. Niambie la kufanya.

Mwanao.

13 Februari

Bosi wangu,

Marahaba, mama. Sisi wazima. Shangazi yako ananipikia bila chumvi, halafu ananisimamia mpaka nimalize, utadhani niko darasa la kwanza. Jumatatu na Alhamisi naenda kwenye mashine ya kusafisha damu, nikirudi nalala.

Ripoti nimeisoma mara mbili. Mwandiko mzuri, hesabu mbaya. Jumla ya matumizi ni kubwa kuliko vitu ulivyoviorodhesha. Kuna shimo, na shimo hilo nalijua: ni bili yangu ya hospitali. Umeificha ili nisione. Usirudie. Ripoti ya kupeleka benki tunaipiga pasi. Hii ya ndani ni yetu wenyewe, ije na tongotongo zake, la sivyo tutakata mahali pasipo na ugonjwa.

Halafu weka safu ya sababu. Gharama yoyote ikipanda au ikishuka, andika pembeni kwa nini. Tena iliyoshuka ndiyo uiulize kwa ukali zaidi. Kuna mwaka gharama ya uzi ilishuka, nikafurahi, nikawanunulia watu soda. Kumbe fundi mmoja alikuwa anapiga mshono mmoja badala ya miwili. Muhula haujaisha, watoto wa watu mabega nje. Nilirudisha fedha za shule nzima nikiwa nimeinamisha kichwa. Niliona gharama imeshuka na sikuuliza. Wewe uulize.

Baba yako.

5 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hujambo na uchovu? Msalimie shangazi, mwambie asilegeze kamba kwenye chumvi.

Nimefanya ulivyosema, kwa moyo mzito. Mstari wa Matibabu ya Baba upo, wa nne kutoka juu. Usiutazame sana. Nimeuweka kwa sababu umeniamuru, si kwa sababu ni wa kukatwa. Karakana hii ni jasho lako.

Ila kweli ripoti imeanza kuongea. Niliona umeme umepanda, nikauliza, nikakuta pasi zinaachwa zinawaka watu wakienda kula. Niliona kitambaa kinaisha haraka, nikaenda kusimama kwenye meza ya kukatia: mkataji anaacha nafasi kubwa kati ya kipimo na kipimo, mapande tunayotupa yangetosha kushona kaptura. Hayo yote tumeyarekebisha. Bado tunapungukiwa kiasi cha mishahara ya watu watatu, kwa hiyo nitawaambia mwisho wa Aprili.

Vifungo ameshahisi. Siku hizi anakuja mapema anafagia, kazi ambayo si yake. Nikimwona nataka kulia.

Mwanao.

16 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Pole na kazi. Mimi naendelea, mguu mmoja unauma na mwingine unausikitikia.

Mstari wa nne nimeutazama, tena sana. Unakaribia mishahara ya watu watatu. Usinune, nasema tu kilichoandikwa.

Usimwambie mtu yeyote lolote kwanza. Nipe ripoti mbili. Vifungo nilianza naye tukiwa na cherehani moja, mimi naishika mchana, yeye usiku. Sikumwajiri, tuliajiriana. Ukimtoa kwa umri ule hakuna atakayempa hata sindano. Na wale wawili wengine wana watoto shuleni. Mimi miaka yangu nimeila, tena kwa vijiko vikubwa. Wewe kaza hapo hapo kwenye pasi na kitambaa.

Baba yako, mstaafu asiyestaafu.

6 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na leo naiandika nikiwa natabasamu. Hujambo? Naona hujambo kweli.

Bili ya hospitali ya Aprili imekuja nusu ya ile ya Machi. Nilikaa chini nikaisoma tena nisije nikawa nimekosea. Bila shaka daktari amekupunguzia siku za mashine. Kwenye safu ya sababu nimeandika: Mgonjwa amepata nafuu. Nilipowasomea mafundi, Vifungo alipiga makofi, na wengine wakafuata.

Kwa nafuu hiyo, pamoja na kitambaa tulichookoa, mwezi huu tumevuka. Hakuna aliyeondoka. Sijui ulijuaje kwamba nisubiri.

Mwanao.

19 Mei

Mama yangu,

Marahaba. Mwandiko usikushtue, leo mkono umeamka mzito. Viatu vimeanza kunibana, nashinda na ndala, shangazi yako anasema nimekuwa mhuni uzeeni.

Safu ya sababu umeijaza mwenyewe, mimi siongezi neno. Gharama hiyo haitapanda tena. Panga mambo yako ukijua hivyo.

Nimefurahi sana kwamba Vifungo yupo. Msalimie, mwambie zamu ya usiku bado ni yake. Umekuwa bosi mzuri kuliko mimi. Nakupenda, mama. Sijawahi kukuandikia hilo kwa sababu nilidhani linaonekana.

Baba yako.

4 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua yako imeniliza, kisha ikanichekesha kwa hizo ndala.

Haraka haraka tu: bili ya Mei ni ndogo mno, ni ya vidonge peke yake. Mashine haipo kabisa. Sikujua figo zinaweza kupona hivyo. Nimelipa kodi yote, na shule moja imerudi. Tarehe ishirini nakuja kukuona, nakuletea viatu vipana.

Mwanao.

5 Julai

Baba,

Nimeanza kuandika shikamoo, mkono ukasimama. Wiki tatu zimepita tangu tukuzike. Barua yangu ya mwisho shangazi amenirudishia. Ilifika siku uliyozidiwa, hukuifungua.

Amenieleza yote huku analia. Kila Jumatatu na Alhamisi ulibeba mkoba wako ukatoka, ukarudi saa zile zile, ukalala. Angejuaje? Kumbe tangu Aprili, safari za Alhamisi zilikuwa zinaishia nje ya geti la hospitali, kwenye kibanda cha fundi cherehani. Mei zikaishia hapo zote. Yule fundi alikuja msibani. Alidhani una mgonjwa wodini unasubiri muda wa kumwona. Anasema ulimshonea vifungo bure, na kola zake ukazikosoa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Nimekukasirikia, Baba. Nimekukasirikia sana. Hukuwa mstari wa kukatwa. Ningeuza cherehani, ningehamia chumba kimoja, ningekopa kwa kila ninayemjua. Ungeniuliza tu.

Ripoti ya Juni hii hapa, maana najua ungeidai. Kodi imelipwa. Umeme umetulia. Mafundi kumi na mmoja wote wapo. Vifungo alishona sanda yako kwa mkono, akakataa mtu mwingine asiiguse. Hajui kwa nini bado ana kazi, na mimi sitamwambia. Mstari wa nne ni sifuri.

Nimerudi kwenye ripoti ya Aprili. Pale nilipoandika kwamba mgonjwa amepata nafuu nimepiga mstari. Ulishanionya kuhusu gharama inayoshuka, ukanipa na mfano wa uzi, nami hiyo hiyo nikawasomea watu, wakaipigia makofi. Sasa pembeni yake nimeandika: Bosi hakuuliza.

Mwanao.