Askari wa a5

Mwankoko, 5 Juni 2024

Mwanangu Asnath,

Hujambo? Mtoto hajambo? Mkwe wangu Obadia amerudi safari? Huku wazima, ila upepo wa mwezi huu umeezua choo cha jirani. Alizeti tumeshapura.

Nimefurahi kwamba mtoto umempa jina la mama yangu. Kwenye shajara, tarehe 1 Juni, nimeandika: "Amezaliwa Felista. !!" Tangu nianze kuzipa siku zangu alama za sataranji, hiyo ya hatua ya ajabu sijawahi kuitoa.

Sasa ubaoni, kwenye mchezo wetu wa barua. Hatua yako ya 18, farasi kwenda b4, naipa ??, kosa kubwa. Uchovu wa uzazi naujua, lakini farasi haachwi peke yake porini. Malkia wangu anatoka d2 anamla. Jibu taratibu, na usilie.

Shangazi yako Aneth anakusalimu. Tumegombana kidogo, maana anaweka vitu hovyo. Juzi nimeangusha kikombe changu cha chai, jana ndoo ya maji. Na mlango wa stoo umenichubua bega la kushoto mara ya pili. Nitamwita fundi aupanue.

Barua nampa kondakta wa basi la Nzega kama kawaida.

Baba yako,
Antipasi


Shelui, 9 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Felista ananyonya vizuri na analala mchana, ndiyo maana napata nafasi ya kuandika. Obadia amerudi jana na mchele.

Baba, askari wangu yuko a5, anamlinda yule farasi, na malkia wako akimla naye analiwa. Yuko hapo tangu hatua ya 11. Siku ile mwenyewe uliniandikia: "Askari kwenda a5, !" Barua ninayo hapa.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka. Nimetoa barua zako zote tangu mwaka jana nikazipanga kitandani. Umenipa ? au ?? mara sita. Nne kati ya hizo hazikuwa makosa yangu. Kulikuwa na kitu ubaoni ambacho hukukiona, na kila mara kilikuwa kwenye mstari wa a au wa b. Upande wa kulia, hata mara moja. Wewe unacheza nyeupe, baba. Mistari hiyo iko kushoto kwako.

Nikasoma tena habari za bega. Na kikombe: tangu niko mdogo unakiweka kushoto, kwa sababu mkono wa kulia unaandika.

Bibi Felista alianza hivi hivi. Alikuwa akijigonga kwenye kizingiti anasema nyumba imejengwa vibaya. Mwisho tukawa tunamwongoza kwa fimbo, haoni kabisa.

Nimempigia simu nesi wa kliniki ya mtoto nikamuuliza. Anasema ni presha ya macho, inatembea kwenye ukoo, haiumi. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaokolewa kwa dawa. Madaktari wa macho watakuwa hospitalini Singida mjini tarehe 24 hadi 28. Nenda, baba. Ningekuja nikupeleke mwenyewe, ila arobaini haijaisha na mama mkwe hanitoi hata mlangoni.

Malkia wako sijamla. Nasubiri.

Binti yako,
Asnath


Mwankoko, 13 Juni 2024

Asnath,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima, na macho yangu mazima.

Nimesoma kipimo cha mvua cha serikali miaka thelathini na mmoja. Walikuja wakaguzi kutoka Dodoma, hawakukuta milimita moja iliyopotea. Leo mtu aliyelala kitandani Shelui ananipima macho kwa barua. Askari wa a5 nilimsahau. Kusahau si upofu.

Najua hili limetoka wapi. Siku ulipoacha chuo cha ualimu ukaolewa na dereva wa lori, niliandika ?!, hatua ya mashaka, kwenye shajara na nikakusomea. Miaka mitano umeisubiri siku ya kunirudishia, na umeipata. Hata mama yangu umemtoa kaburini akusaidie.

Shangazi yako naye ameniambia, "Kaka, si uende tu, kutazamwa kunachubua nini?" Nimemwambia achunge kuku wake.

Sheria yetu unaijua: alama anatoa wa upande wa pili, na haijibiwi. Barua yako ya tarehe 9 naipa ??.

Mle malkia. Sitaki kuhurumiwa.

Antipasi


Shelui, 19 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Umeweka sahihi ya jina tupu. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "baba".

Ile ?! iliniuma, sitakuficha. Niliificha miaka mitano kama mtu anavyoficha jino bovu. Lakini mtu hamwombei baba yake upofu ili alipe alama.

Huamini maneno yangu, basi amini kipimo. Wewe ni mtu wa vipimo. Mwambie shangazi apange vipande ubaoni wewe ukiwa nje, asikuambie idadi. Kaa, funika jicho la kulia, tazama katikati ya ubao, usigeuze kichwa. Hesabu, andika. Halafu funua jicho uhesabu tena. Usinitumie jibu kama hutaki. Liandike kwenye shajara yako tu.

Na tafadhali, mpaka hapo, usipande baiskeli. Barabara ya kwenda shambani ina mikokoteni.

Zimebaki siku tano madaktari wafike.

Binti yako,
Asnath


Shelui, 30 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mnaendeleaje huko? Hujaandika. Simu yako inaita, haipokelewi. Jana nimempigia shangazi akapokea, nikasikia anavuta pumzi, akasema, "Mwanangu, kaka amekataza nisiseme, ataandika mwenyewe." Akakata.

Ataandika nini?

Madaktari wameondoka juzi. Ubao wangu uko juu ya kabati, malkia wako bado amesimama pale b4, kila nikipita namwona. Obadia amesema ikifika Jumamosi hujajibu atakuja na lori lenyewe, arobaini au siyo arobaini. Andika hata mstari mmoja. Andika alama tu.

Asnath wako


Mwankoko, 4 Julai 2024

Mwanangu Asnath,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Msalimie Obadia, na umwambie asije, asome kwanza haya. Nimeandika kwa siku mbili kwa sababu mstari unanipotea mwanzoni. Nanukuu shajara kama ilivyo.

"20 Juni. Kipimo cha Asnath. Jicho la kushoto: vipande sita. Macho yote: kumi na moja. Aneth alikuwa amepanga kumi na vinne. Vitatu vilivyobaki nilivipata kwa kugeuza kichwa. Nimerudia mara nne.

24 Juni. Sikwenda. Nimesema nitakwenda kesho.

25 Juni. Sikwenda.

26 Juni. Sikwenda. Nilimkumbuka mama na ile fimbo.

27 Juni. Saa mbili asubuhi, baiskeli, njia ya shambani. Aneth alikuwa anatoka kisimani, pembeni upande wangu wa kushoto. Sikumwona. Nilisikia ndoo, halafu nikamsikia yeye."

Mkono wake wa kulia umevunjika juu kidogo ya kiganja. Nilimpeleka hospitalini Singida mjini. Amefungwa plasta, wiki sita. Tukiwa tunasubiri akaninong'oneza, "Kaka, mimi nimeshatibiwa. Foleni ya macho ni ile pale, wewe ndiye mgonjwa aliyebaki." Nikaenda kusimama.

Jicho la kushoto limekwisha karibu lote, mwanangu. Kidogo kilichobaki ni cha katikati tu. La kulia limeliwa pembeni, lakini daktari anasema litabaki nikitia matone asubuhi na jioni maisha yangu yote. Aneth ananitilia kwa mkono wake mzima, na hanitilii mpaka nimfulie nguo. Nafua. Baiskeli nimempa Gasto jirani.

Nilimkataza asikuambie. Niliona aibu, na nilitaka kwanza nipange hesabu yangu.

Sheria yetu inasema mchezaji hajipi alama. Nimeivunja. Kwenye 13 Juni, "Nilimjibu Asnath," nimeandika ??. Kwenye 24, 25 na 26 nimeandika ?? kila moja. Siku ile ya ndoa yako niliifungua pia. Ile ?! nimeikata kwa kalamu, pameachwa wazi. Ndoa yako haikuwa hatua ya mchezo wetu niipe alama.

Barua yako ya 9 Juni nimeiandikia ! moja. Mbili nimezibakiza kwa Felista.

Mle malkia. Nimemtoa ubaoni mwangu, na nimemgusa askari wa a5 kwa kidole nihakikishe yupo. Tuendelee, bado nina ngome mbili.

Arobaini ikiisha njooni wote. Utakapokaa tucheze, usikae mbele yangu. Mbele atakaa Obadia, naye ajifunze. Wewe kaa kushoto kwangu.

Baba yako,
Antipasi