Maji Yaliyomwagwa Upande Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Irbid, Jordan
Jina: Itidal Nawwaf Shuqum. Umri: miaka 43. Kazi: mshonaji wa mapazia. Makazi: nyumba ya marehemu baba mkwe wangu, upande wa mashariki.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kuwa Rudayna, mke wa shemeji yangu, ameandikisha hapa kwamba yeye ndiye aliyemwaga maji. Si kweli.

Nyumba yetu ni moja, ina pande mbili na ukumbi katikati. Upande wa Rudayna umekaa juu ya mwamba. Wangu ulijengwa baadaye, juu ya kisima cha zamani cha maji ya mvua kilichojazwa kifusi bila kushindiliwa. Kila Alhamisi tunaosha sakafu kwa mpira wa maji, kama nyumba yoyote yenye heshima. Maji yakawa yanapenya kwenye ungio la pande hizo mbili, kifusi kikalowa, zege la sakafu yangu likazama. Mlango wa jikoni ukagoma kufunga. Nikiweka yai mezani linaviringika mpaka chini.

Mama mkwe wetu, Hajati Fawziya, kila asubuhi hunywa kahawa kwa Rudayna. Eti kwangu kiti kinamwinamisha. Miaka yote hiyo mimi nasikia vicheko vyao ukutani, na nasema wazi, afande, roho iliniuma.

Mnamo tarehe 7 Mei 2025, Jumatano, mume wangu Sakhr alimleta fundi Munif, maana Ijumaa wageni walikuwa waje kumposa binti yetu Layan. Fundi alitoboa matundu kwenye zege, akasukuma tope la saruji chini kwa pampu, sakafu ikapanda taratibu mpaka ikalingana na ya Rudayna. Huyo akaja kutazama, na sahani ya biskuti za tende mkononi. Hajui kuja mikono mitupu, lazima asifiwe.

Akasema, "Hongera dada, sasa tuko sawa."

Nikamjibu tutakuwa sawa siku kahawa itakaponywewa kwangu. Alicheka. Mimi sikucheka.

Munif alituonya wote kwamba tope bado bichi na matundu atayaziba kesho jioni. Mpaka hapo tufute kwa kitambaa tu, tusimwage maji. Mama mkwe aliguna, akasema kufuta kwa kitambaa ni kwa nyumba yenye mgonjwa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda sokoni. Niliporudi, kama saa tano na nusu, nilimkuta Mama upande wangu, gauni kalifunga kiunoni, mpira wa maji mkononi. Maji yalikuwa yanaingia matunduni na kutoka na saruji. Nilimwambia aache. Hakugeuka. Alidhani ni Rudayna.

Alisema, "Niache, Rudayna. Watu wanakuja kesho. Sitaki waingie kwa Itidal wangu wakute vumbi, halafu wachungulie kwako kunang'aa."

Akarudi nyuma, na zege lilikuwa limeshuka tena, kisigino kikagonga ukingo wa ukumbi. Akaanguka, nyonga ikavunjika.

Hospitalini alitusihi mimi na Rudayna tusiwaambie wanawe, maana anaona aibu. Jioni Sakhr akamleta Munif hapa kwa madai ya kazi mbovu, na mpaka sasa mmemshikilia. Leo asubuhi Rudayna, bila kuniambia, akaja kujitwisha kosa ili fundi atoke na Mama asiaibike. Nimetoka wodini sasa hivi. Mama amemshika Rudayna mkono, anamwita "binti yangu".

Fundi hana kosa, aachiwe. Rudayna hana kosa pia. Kahawa ya miaka yote aichukue. Hili asilichukue. Maji yale yalimwagwa na mama mkwe wangu, upande wangu, kwa ajili yangu.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, na sina la kuongeza.

(Sahihi) Itidal N. Shuqum
9 Mei 2025

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Aliomba sentensi ya mwisho kuhusu maji isomwe mara ya pili. Imesomwa.