Nimeapa Kutomuuliza Alikokuwa

Mpendwa Shangazi Wilhelmina, nakuomba unishike mkono kabla sijapasuka, maana nina neno kooni na nimemwapia Mungu sitalisema. Mimi ni mama wa Bariadi, mwimbaji wa kwaya ya parokia, na mwaka huu wa 1998 parokia rafiki ya Ujerumani ilitualika tukaimbe huko, na mume wangu Athanasi alinisindikiza kwa treni mpaka Dar es Salaam akaahidi kunisubiri hukohuko kwa mdogo wake Ngassa, ambaye analinda geti jirani kabisa na Ubalozi wa Marekani, mpaka nirudi mwezi wa nane, tarehe nitamwandikia.

Basi Ijumaa ile ya Agosti tuko sebuleni kwa bibi mwenyeji wetu, tunakula viazi, televisheni ikaonyesha moshi na watu wenye damu, Kijerumani sielewi, nikashika neno moja tu, Daresalama, na mimi Shangazi ni mtu niliyekuwa nasikia habari za Bosnia redioni huku napepeta mchele, nasema maskini, naendelea kupepeta, siku hiyo nikajua kumbe kila mji unaotajwa redioni una mume wa mtu ndani yake. Nikapiga magoti kwenye zulia la watu nikasema kwa sauti, Mungu, nirudishie Athanasi mzima, nami maisha yangu yote sitamuuliza tena alikokuwa, kwa sababu hilo ndilo swali langu kwake tangu tuoane, akichelewa nauliza, akiwahi nauliza, mwenyewe ananiita polisi.

Simu zilikataa, zikakataa, mpaka padre wao akampata padre wetu, akaambiwa Athanasi mzima, hakuwa hata Dar, alisharudi zamani, na Ngassa naye hajambo. Nililia mpaka yule bibi akaanza kulia naye, sijawahi kufurahi vile hata siku ya kujifungua. Halafu padre akaongeza, lakini nyumbani hayupo, yuko Malampaka.

Malampaka! Hatuna ndugu Malampaka, hatuna shamba, kuna stesheni tu tunayoshukia sisi wa Bariadi. Tuliporudi nchini nikapanda treni, na iliposimama Malampaka nikamkuta palepale, amekonda, kashika baiskeli, akapokea begi langu akasema, "Umefika," basi. Muuza chai wa pale, Eufrasia, mweupe mwenye mwanya, akacheka: "Mayu, mama yangu, baba huyu analala kwenye benchi la hoteli yangu, kila treni ya Dar yuko hapa, na swali lake ni hilohilo, eti mtu akitoka Ulaya si lazima apitie kwa balozi kwanza?" Athanasi akamwambia, "Nyamaza, we mama."

Kwa nini anyamazishwe? Wamezoeana vipi mpaka alale kwenye benchi lake, na huyo balozi ni fumbo lao gani, na kwa nini hakukaa Dar alikoniahidi? Tangu nifike nauma midomo, chakula hakipiti. Nikiuliza nimemkosea Mungu aliyeniachia mume, nisipouliza nakufa mimi. Nifanyeje?

Elizabeth mwenye donge, Bariadi

*

Elizabeth mwanangu, pole kwa hofu uliyopita, na hongera kwa kumkuta mwenzio mzima. Wako wanawake hapa Dar ambao Ijumaa ile hawakuipata simu ya namna hiyo. Sasa kaa chini nikuseme.

Umesafiri mpaka Ujerumani na kurudi, lakini pale stesheni macho yako yaliishia kwenye mwanya wa Eufrasia. Umeliona benchi, umeuona weupe, neno balozi likakupita. Huko kwenu mgeni akiingia kijijini anaanzia wapi? Si kwa balozi wa nyumba kumi? Mumeo kasikia redioni kwamba ubalozi umelipuliwa, tarehe yako ya kurudi hana, barua yako haijafika, na kwa akili yake kila atokaye Ulaya sharti akaripoti kwa balozi kwanza ndipo aende kwao. Kwa hiyo alidhani bomu limekukuta pale mlangoni pa ubalozi. Wewe unamlilia yeye juu ya zulia, yeye yuko Malampaka anachungulia kila behewa akutafute. Hawara yake ni treni ya Dar, mama! Alimnyamazisha Eufrasia kwa aibu, wanaume wetu hawapendi tujue kwamba wamelia.

Kwa nini hakukaa kwa Ngassa? Sijui, na wewe hujui. Huu ni msimu wa pamba, siku hizi wanunuzi binafsi wanapita vijijini na mizani zao, huenda aliona akikaa Dar pamba itamlalia. Au alishindwa na mapishi ya shemeji yake. Acha kukisia, kukisia ndiko kunakokunyima chakula.

Nadhiri usiichezee. Jumamosi hii nenda kwa padre wenu, mweleze ulivyoapa na hofu uliyokuwa nayo, anao uwezo wa kukubadilishia, akupe sala au kazi ya kanisani badala yake. Lakini leo hiihii mtengee Athanasi chakula, umsimulie ya kwako: moshi, magoti, yule bibi aliyelia nawe. Hukuapa kuficha ya kwako, na yeye hakuapa chochote. Ukisema, atasema. Na ukipita tena Malampaka, shuka unywe chai ya Eufrasia na umshukuru, alimhifadhi mumeo wakati wewe hukuwepo.

Padre akishakufungua, rudi kwenye swali lako. Muulize Athanasi alikokuwa, muulize mpaka achoke kukujibu. Wanaoulizwa walikokuwa ni watu waliorudi.