Programu ya Shemeji Haihesabiwi

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana kuna dada mmoja kazini ananichimba na sijui amefika wapi. Mimi naandika kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya chini kabisa ya kompyuta inayogawa memori, kila programu inapewa kipimo chake na ikizidisha, kiini kinaiua, yaani kinaizima, hapo hapo bila kuuliza ni ya nani, na hiyo sheria nimeisimamia mwenyewe miaka minne. Mashine zetu zinakaa mapokezi ya hospitali. Sasa mdogo wake mke wangu alikuwa kazini kwetu kwa majaribio, programu yake ya kutunza faili za wagonjwa inafakamia memori, ikawa inauawa kila siku, mke wangu akanishikia bango kwamba namwacha mdogo wake afukuzwe na mimi nipo, nikaona haya, nikaongeza kamstari kamoja tu, kadogo, kanachosema programu ya shemeji isihesabiwe. Basi shemeji akathibitishwa kazini, nyumbani raha mustarehe, ila memori ya mashine ni ile ile, ikijaa kabisa kiini lazima kitafute wa kuua, shemeji kinamruka, kinamshukia anayefuata kwa ukubwa, na anayefuata ni programu ya huyu dada, inayoita namba za wagonjwa, hata kama haijavuka kipimo chake. Namba zinaganda ukutani, watu wanakaa kwenye mabenchi wakiangalia namba arobaini na mbili saa nzima, lawama zote zinamwangukia yeye, na Ijumaa ameitwa na mkuu wetu, sote tunajua akitoka humo hana kazi.

Nisingekusumbua, ila huyu dada anajua jambo. Alikuwa mcheshi, sasa wiki ya tatu nikiingia jikoni kuchemsha maji anakatisha maneno. Amechapisha kurasa na kurasa za rekodi za mashine, amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na nilipopita nyuma yake akazigeuza. Aliniuliza kiini kiliguswa lini mara ya mwisho, nikajitia hamnazo. Juzi akaja mezani kwangu wenzetu wameenda kula, akasema, "Kaka, kiini unakijua wewe kuliko sisi sote. Kaa na mimi saa moja tu unionyeshe ninapokosea." Ninapokosea, Shangazi. Nani anakubali kosa kirahisi hivyo? Eti programu ameiandika upya mara mbili, bado inakufa, na anaanza kuamini kazi imemshinda. Nikaona huo mtego, anataka nifungue kiini mbele yake, nikamwambia nimebanwa. Hata shemeji simwelewi siku hizi, ananisalimia kwa adabu mno. Naishi roho mkononi. Nimkwepeje huyu dada mpaka Ijumaa ipite, au nimwombe mkuu amhamishe kabla hajanichafulia jina?

Ni mimi, Ninayechimbwa.

*

Wewe Unayechimbwa,

Pole, maana hofu unayo kweli, na kubanwa kati ya mke na kazi si mchezo. Pole yangu inaishia hapo. Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilimshuku huyo dada. Mara ya pili nikakushuku wewe, tangu pale kwenye "kamstari kamoja tu, kadogo". Mtu akianza kukipunguza kwa maneno kitu alichofanya, mimi huvua miwani nikaifuta.

Kompyuta siijui, nikamwonyesha barua fundi wetu wa hapa gazetini. Akasema shemeji hukumsaidia, ulimfichia ugonjwa, na programu yake bado inavimba. Mke wako alikuomba umtetee mdogo wake. Kumtoa mtu mwingine kafara hakukuomba, hilo ulilibuni mwenyewe.

Tuje kwa dada. Mwenye ushahidi dhidi yako angekwenda kwa mkuu, asingekuja kwako kuomba afundishwe. Kurasa alizigeuza kwa aibu, kama mtoto anavyoficha daftari lenye makosa. Jikoni ananyamaza kwa sababu anapoteza kazi na ninyi nyote mnajua. Hakuchimbi, hajui lolote. Katika ofisi nzima alichagua mtu mmoja wa kumwamini, akakuchagua wewe, nawe ukamwambia umebanwa.

Najua kinachokupitia sasa hivi. Utaufuta ule mstari kimya kimya, programu yake ipone, ujione umetubu. Thubutu. Ijumaa ataingia kikaoni na wiki tatu za kufeli zikiwa kwa jina lake, na hakuna atakayejua kwa nini kufeli kumekoma ghafla. Mstari uache ulipo, mwonyeshe kwa macho yake, kisha muufute pamoja. Siku hiyo hiyo mwandikie mkuu, utaje tarehe uliyouweka na jina lako, la shemeji liache alitaje mwenyewe. Mke wako mwambie leo, kabla hajasikia kwa watu. Programu ya shemeji itaanza kuuawa tena, iache iuawe, akae airekebishe. Na ndiyo, unaweza kufukuzwa, sitakudanganya.

Kuna mtu aliyeandika upya kazi safi mara mbili akitafuta kosa uliloliweka wewe, mpaka akaanza kuishuku akili yake. Kwa hiyo kabla ya samahani, kabla ya habari za mke na shemeji, mwambie hivi: "Programu yako haikuwa na kosa." Kisha nyamaza, umwache aseme atakalo.