Mutwiri, Leo Wamepima Mwendo wa Damu Kichwani Mwako

Mutwiri, mwanangu wa kwanza, wa kujivunia,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, nje ya mlango waliokuingizia ukiwa umelala kitandani. Uko karibu tu hapo ndani, lakini sijawahi kukuona mbali hivi. Asubuhi nilikuita, ukanitazama kama mtu anayetazama mgeni. Mkono wako wa kulia, ule wa kushika chaki, ulikuwa unaning'inia tu, na mdomo umevutwa upande mmoja. Kuongea na wewe nimezoea, siwezi kuacha leo. Ndiyo maana naandika.

Wanja, mke wako, ndiye aliyegundua. Jana mlinikaribisha vizuri pale kwenu Manyatta. Ulisahihisha vitabu vya wanafunzi, ukanitania kwamba sukari niliyotia kwenye chai inatosha kijiji kizima, ukaenda kulala ukiwa mzima. Asubuhi hukuweza kuinuka. Hapa hospitalini Embu daktari alituuliza shida ilianza saa ngapi, mimi na Wanja tukatazamana. Nani anajua kitu kilichompata mtu akiwa usingizini? Daktari akasema basi tusibahatishe, mashine itatuonyesha jinsi damu inavyofika kwenye ubongo.

Ubongo wako, Mutwiri. Unajua nimeutangaza mpaka wapi. Pale sokoni Gakoromone mtu akiniuliza bei ya kabeji, anaambiwa kwanza kwamba mwanangu ni mwalimu wa hesabu na darasani hakuna aliyewahi kumpita, ndipo anasikia bei. Hata leo, dada wa mashine aliponiita shosho, kama bibi yake, nilimwambia huyo aliyelala hapo ndiye kichwa cha kijiji chetu, Ruiri nzima. Akatabasamu. "Haya shosho, ngoja tukiangalie hicho kichwa." Mimi sikuweza kutabasamu. Nilikuwa nimeshika viatu vyako.

Nilimuuliza watakufanya nini. Akanieleza kwamba wataingiza dawa kwenye mshipa wa mkono, isafiri na damu hadi kichwani, na mashine iifuate kwa picha, moja baada ya nyingine. Waone inafika wapi haraka, wapi inachelewa, na wapi haifiki kabisa.

Hapo nikakuona ukiwa mdogo, kaptura imeraruka, ukikimbia kando ya mfereji wetu. Unakumbuka? Ilikuwa zamu yetu ya maji, na maharagwe ya chini yalikuwa yamelegea yote. Mimi nilikuwa nawalaumu majirani wa juu, kwa sauti, ili wasikie. Wewe ukachuma maua ya viazi, ukawa unayaangusha majini moja moja na kukimbia nayo ukihesabu. Pale ua lilipoenda mbio, ulipita. Pale lilipokawia ulisimama, ukaingiza mkono kwenye matope, ukatoa gunia lililooza. Hakuna jirani aliyekuwa ametuibia maji. Ilibidi nipeleke sufuria ya githeri kwa watu niliokuwa nimewatukana.

Na tayari nilikuwa nimeinua jembe nilime yale maharagwe, nipande kitu kingine. Ukanishika gauni. "Haya hayajakufa, mama. Yana kiu tu."

Na kweli, mengi yaliinuka. Ya pembeni kabisa hayakuinuka.

Daktari alituita akatuonyesha picha, rangi rangi kama leso. Aliweka kidole mahali padogo akasema hapa pamekufa, hapatarudi. Kisha akakizungusha mahali pakubwa zaidi: hapa damu inachelewa, lakini bado pako hai. Donge limeziba mshipa. Ipo dawa ya kuliyeyusha, na dawa hiyo hiyo inaweza kukumwagia damu ndani ya kichwa. Wanja akanigeukia. Nilitaka kusema neno zito la mama mkwe, lakini lililonijia ni lile lako la mferejini.

"Kuna mahali pana kiu," nikamwambia. "Wampe."

Wanja akakubali. Sasa dawa inaingia, na hakuna anayejua itakavyokuwa.

Naogopa, mwanangu. Naogopa urudi bila hesabu zako, bila utani wako, usinijue. Naogopa zaidi usirudi. Kila mlango ukifunguliwa nainua kichwa, na mtu akipita bila kuniangalia nadhani anajua kitu.

Mzee wa maji, anayegawa zamu za mfereji, amenipigia kutoka Ruiri. Habari zimeshafika. Leo ni zamu yetu, na unajua desturi yetu, nyumba yenye msiba hurukwa, maji yakaenda kwa jirani mpaka watu wazike. Akaniuliza kwa upole, "Mama Mutwiri, turuke kwenu?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilivikumbatia viatu vyako. Nikamwambia kwetu hakuna msiba, kuna mgonjwa. Afungue maji. Kama hakuna mtu wa kuyaongoza, awaombe majirani wa juu, wale wale niliowatukana.

Wamenipigia tena sasa hivi. Maji yameingia shambani, yamepita viazi, yanaelekea kwenye maharagwe ya chini.

Na wewe fika, Mutwiri. Hata ukikawia, fika.

Ni mimi mama yako, bado niko kwenye benchi, bado nimeshika viatu vyako.